Mashini Iliyomsomea Prof

Siku waliyokuja kwenye kibanda changu, mke alikuwa ameibeba kompyuta kichwani, imefungwa kwa kitenge kama mtu anavyofunga mikate ya moto. Mume alikuwa nyuma yake, mkono mmoja umeshika bega la mkewe. Niliwafahamu wote wawili. Dzaleka, kambi yetu hapa Malawi, ni kubwa, lakini sisi watu wa Bukavu, Kongo, tunajuana, na huyu mume kila mtu alimwita Prof. Kule kwetu alifundisha historia na Kifaransa kwenye shule ya sekondari, na mwalimu wa sekondari kwetu huitwa prof hata akistaafu, hata akiwa mkimbizi asiye tena na kipande cha chaki mfukoni.

"Dada," mke akaniambia akiitua mezani, "hii njo ile kompyuta. Banasema iko naongea. Lakini toka ifike haijasema hata kitu moja."

Mimi kule Bukavu nilikuwa sekretari wa kampuni ya malori. Hapa kambini nilifungua kibanda karibu na soko, nikiwa na kompyuta ya mezani na printa inayokula karatasi. Watu waliniletea mialiko ya harusi, maombi ya kazi, nyimbo za kwaya za kupiga chapa. Mashini ikimharibikia mtu, aliileta pia, nami nilijaribu. Kwa hiyo walipotafuta mtu wa kuamsha ile kompyuta, walikuja kwangu. Sidhani walikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Ilikuwa ndogo, ya kubeba, imetumika kidogo. Mwanafunzi wa zamani wa Prof, ambaye sasa anaishi ng'ambo, alikuwa amempa mtu aliyesafiri kuja Lilongwe amletee. Alimwambia Prof kwa simu kwamba siku hizi wasioona hutumia kompyuta kama watu wengine, inawasomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Alimjazia na vitabu ndani. Alichosahau kumwambia ni kwamba sauti haiji yenyewe, lazima mtu aiweke.

Macho ya Prof yalizimika kidogo kidogo, hapa hapa kambini, kwa ule ugonjwa wa presha ya macho. Alianza kujigonga kwenye milango pembeni. Baadaye akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mwishowe bomba likaziba. Tangu hapo mkewe ndiye alikuwa anamsomea. Kila alasiri, ukipita njia ya kwao, uliwakuta wameketi kwenye kivuli cha ukuta, yeye ameshika kitabu cha Kifaransa, Prof ameinamisha kichwa. Mke aliishia shule ya msingi. Kifaransa alikisoma silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akikwama Prof alimalizia neno, yeye akalirudia, wakasonga. Wanawake wa jirani walikuwa wakisema, yule ndiye mke. Nami nilisema hivyo hivyo.

Niliitafuta ile programu ya kusoma skrini. Ipo ya bure, na siku mtandao ulipokuwa na nguvu niliishusha nikaiweka. Nilipoiwasha, sauti ya mwanaume ilitoka kwa Kiingereza, mbio mbio, bila kuvuta pumzi, ikisoma kila kitu mpaka saa iliyo pembeni mwa skrini. Prof aliruka kwenye stuli.

"Huyu anafukuzwa na nani?" akauliza.

Nikapunguza mwendo. Nikatafuta lugha, nikaikuta sauti ya Kiswahili, nikafurahi, nikafungua kitabu cha kwanza nilichokiona. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, na ile sauti ikakisoma kama vile ni Kiswahili, kila herufi ikatamkwa, hata zile ambazo Wafaransa huziandika tu na kuzinyamazia. Mke wa Prof alicheka mpaka akashika mlango. Prof naye alicheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Mi nasoma vizuri kuliko hii mashini!" mke akasema.

"Kweli kabisa," Prof akajibu. "We uko bora."

Nilipobadilisha na kuweka sauti ya Kifaransa, kicheko kilikatika. Ile sauti ilikuwa kavu, kama mtu anayesemea ndani ya bidoni tupu la maji, lakini ilisoma ukurasa mzima bila kukwama. Prof alitulia. Alinyoosha mkono taratibu akaigusa kompyuta kwenye ukingo, kama mtu anavyomgusa mgonjwa paji la uso. Ukurasa ulipoisha akasema kwa sauti ndogo, "Endelea." Sikujua kama ananiambia mimi au anaiambia mashini.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kuifanya isome ilikuwa sehemu rahisi. Kumfundisha Prof aitumie mwenyewe ndiko kulikonishinda. Mimi kompyuta naijua kwa macho. Mkono wangu uko kwenye kipanya, jicho langu liko kwenye skrini, na vyote viwili huenda bila mimi kufikiri. Nikajikuta namwambia, "Bonyeza pale juu," naye ananiuliza, "Juu wapi?" Nikamwambia, "Pale palipo na picha ya bahasha," kisha nikaona aibu. Tena kila alipoandika, kiganja chake kiligusa kile kibao cha chini kinachofanya kazi ya kipanya, na maneno yake yakarukia mahali pengine, sauti ikaanza kusoma mambo ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikuwa anapotea ndani ya kompyuta, na mimi niliyekuwa namwongoza sikuweza kumwambia amepotelea wapi kwa maneno ambayo yangemsaidia.

Tulijaribu hivyo kwa siku kadhaa. Siku moja alitoa mikono kwenye vitufe, akaiweka magotini.

"Dada, tuache tu. Nakushukuru. Hii ni kitu ya vijana na ya bantu benye macho."

"Prof, bado kidogo."

"Hapana. Bibi yangu huyu ananisomea. Inatosha."

Akasimama, akatafuta bega la mkewe, wakaondoka. Kompyuta waliibeba, ila nilijua inakwenda kukaa chini ya kitanda.

Hazikupita siku nyingi mke akarudi peke yake. Nilidhani anakuja kuniaga vizuri, kwa maana ni mtu wa heshima. Akakaa kwenye benchi la wateja akangoja mpaka kibanda kikawa kitupu.

"Usimuachilie," akaniambia.

"Mama, ni yeye mwenyewe alisema."

"Najua vile alisema. Prof njo vile iko, kitu ikimushinda mbele ya mutu anaiacha haraka, asionekane. Mi nakuomba, tutafute njia."

Aliniambia kwamba zamani, kabla macho ya Prof hayajafungika kabisa, alikuwa akienda Lilongwe kuuza vitenge. Alikuwa na sehemu yake kwenye soko la Biwi, na siku nyingine alitembeza nyumba kwa nyumba Area 47. Huko Area 47 alikuwa na mteja mmoja, mama Mmalawi, mwalimu, haoni tangu utoto. Huyo mama alikuwa akichagua vitenge kwa vidole, anavikunja, anavinusa, na haikuwezekana kumpa cha ovyo. Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta inayoongea muda wote.

"Kama huyu mama anaweza, Prof ataweza," akasema. "Tumupeleke."

Nilimtazama nikaguswa. Nilijiambia, mwanamke gani huyu, anampenda mumewe hivi mpaka anamtafutia msaada utakaompokonya yeye kazi ya kumsomea.

Kumshawishi Prof kulichukua muda, na ruhusa ya kutoka kambini nayo ina mambo yake, lakini tulikwenda. Tuliposhuka Lilongwe, kipande cha mwisho tulikifanya kwa kabaza, kila mmoja baiskeli yake. Prof aliketi nyuma ya dereva wake, amejishika kwenye kiti, kofia ameiweka kifuani isipeperuke. Nilikuwa nyuma yao kidogo nikaona jinsi alivyoinua uso. Tulipofika aliniambia hajakwenda kasi hivyo, upepo usoni, tangu aache kuona, kwa maana kila anayemshika mkono humtembeza kama yai.

Yule mama mwalimu alitufungulia mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene, mcheshi. Alimtambua mke wa Prof kwa sauti tu, akamkumbatia, akamuuliza kwa Kichewa mbona alipotea. Mke alimshukuru tu, "zikomo, zikomo" nyingi, maana Kichewa chake ni cha kuuzia vitenge. Mengine tulisema kwa Kiingereza. Prof alikuwa na kile Kiingereza cha shule, polepole na safi, na mimi nilijazia.

Kompyuta yake ilikuwa juu ya meza ya chakula, na skrini ilikuwa nyeusi. Nilidhani imezimwa. Kumbe yeye huizima skrini peke yake ili betri idumu, na kwa sababu haimhusu. Aligusa kitufe na sauti ikatoka kwa mwendo ambao sikushika hata neno moja. Ilikuwa kama mahindi yanayokaangwa. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa, anasoma.

"Unaelewa hiyo?" Prof akamuuliza, amefungua mdomo.

"Mwanzo niliiweka polepole kama wewe," akasema. "Sikio hujifunza. Usikimbilie."

Kisha akaniuliza mimi nimemfundishaje. Nikamweleza. Alicheka kwa upole, akaomba kompyuta ya Prof, akaizima skrini, akaisukuma mbele yangu.

"Sasa fungua kitabu," akaniambia.

Nilikaa pale mbele ya kile kioo cheusi, mtu niliyeshinda kwenye kompyuta miaka yote hiyo, na sikujua nianzie wapi. Nilibonyeza hiki, sauti ikasema neno. Nikabonyeza kile, ikasema lingine.  Niliona aibu, kisha polepole nikaanza kusikiliza badala ya kutafuta kwa macho. Mishale inakupeleka mbele na nyuma. Kitufe fulani kinakurukisha kutoka sehemu hadi sehemu. Vitufe viwili kwa pamoja vinakuambia jina la dirisha ulimo. Nilipokifungua kile kitabu hatimaye, Prof alinipigia makofi.

"Sasa wewe ndiye unaweza kumfundisha," yule mama akasema.

Alimgeukia Prof akamuuliza anataka kujifunza nini kwanza. Prof akasema kusoma. Akamwambia hapana, kusoma kutakuja. Kitu cha kwanza ni kujua namna ya kuiuliza mashini, niko wapi. Kila mtu hupotea, akasema, na yeye hupotea mpaka leo. Lakini ukijua kuuliza uko wapi, kupotea hakukutishi tena. Akamshika Prof kidole cha shahada akakipeleka kwenye kile kitufe, akamwonyesha na mwenzake, akamfanya avibonyeze mara nyingi mpaka vidole vikaenda vyenyewe. Akamwonyesha vile vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye kibodi, ambavyo mimi nilikuwa nimevigusa maisha yangu yote bila kujiuliza ni vya nini, kwamba hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na kutoka hapo unaijua kibodi yote. Kile kibao cha kipanya akakizima kabisa. Kisha akatoa flashi, akaweka ndani yake ile programu iliyotengenezwa ili itembee, akamwambia Prof kwamba akiichomeka kwenye kompyuta ya mtu yeyote, ile kompyuta itaanza kuongea naye.

"Yaani ya kwake pia?" Prof akauliza, akinielekezea mimi uso.

"Ya kwake, ya kanisani, ya ofisini. Yoyote watakayokuruhusu."

Mke wa Prof alikuwa amekaa kwenye kochi wakati huo wote, mikono amefumbata. Aliponyanyuka kuaga, yule mama alimuuliza kama hana vitenge siku hizi. Akasema hana, aliacha. Alilisema hilo haraka na kutoka nje.

Tuliporudi Dzaleka nilianza upya. Nilikuwa naizima skrini kabla Prof hajakaa, nami nakaa upande wake nikisikiliza kama yeye. Nilijifunza kutosema "pale" na "hapa". Yeye alijifunza kutotukana. Kwa kuwa alikuwa ameandika ubaoni maisha yake yote, na mashini ya kuandikia alikuwa ameigusa tu, vidole vilimchosha, lakini alikuwa mkaidi kama mwanafunzi anayetaka kumkomoa mwalimu. Kila herufi aliyoibonyeza mashini iliitaja. Siku alipoandika sentensi nzima, ya Kifaransa, kuhusu mvua iliyokuwa inanyesha wakati huo huo juu ya bati letu, na mashini ikamsomea bila kosa, aliniomba niipige chapa. Nilimpigia. Alikikunja kile kikaratasi akakitia kwenye mfuko wa shati, ingawa hawezi kukiona.

Basi ikawa kila alasiri yuko kwenye ukuta wake na kompyuta magotini, hedfoni masikioni, skrini nyeusi. Watoto walisimama kumwangalia mtu anayeandika kwenye kompyuta iliyozimwa. Kuna mtu alieneza kwamba Prof amechanganyikiwa. Yeye hakusikia, alikuwa anasoma.

Mkewe ndiye niliyemhurumia. Nilipita nikamwona amesimama mlangoni, anamtazama mume, kisha anaingia ndani. Siku nyingine nilimkuta anapanga viatu vilivyokwisha kupangwa. Hakuna aliyekuwa anamwita tena kusoma. Nikajisemea, tumemfanyia nini huyu mama? Alitusaidia kuileta mashini, na mashini imechukua kiti chake. Lilinikaa moyoni mpaka nikaona niseme. Nilimfuata kwenye bomba la maji, alikuwa kwenye foleni na ndoo zake.

"Mama," nikamwambia, "nitamwambia Prof. Labda siku zingine mashini ipumzike, na wewe umusomee kama zamani. Najua inakuuma."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Kisha akanivuta pembeni ya foleni, akaniinamia sikioni.

"Dada, tafazali, usimwambie vile! Unataka aniite tena?"

Akachungulia foleni kama kuna anayetusikia.

"Nilichoka," akasema. "Nilichoka, weye haujui. Kila siku, jua ikianza kushuka, 'Mama, leta kitabu.' Nikiwa na maharage kwa moto, naacha. Nikiwa na mgeni, naacha. Kichwa inaniuma, macho inaniuma, nasoma maneno sijui inasema nini. Nilikuwa na biashara yangu Biwi, niliacha sababu ya kitabu. Na ningemwambia nini? Mutu haoni, bibi yake akatae kumusomea? Bantu bangesema nini?"

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio kidogo, akafuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Ile siku ya kwanza kwako, mashini iliposoma ukurasa mzima, nilienda nyuma ya kibanda nikamushukuru Mungu. Ulinionea huruma? Mi nasimama pale mulangoni, naangalia vile anasikiliza, najiuliza kama sasa naweza kuenda."

Na alikwenda. Alipata vitenge vichache kwa mkopo kwa mwanamke wa kanisani kwao, akaanza tena kushuka Lilongwe siku zile alizoweza. Watu wa Biwi walimpokea kama mtu aliyetoka hospitali. Alirudi jioni na vumbi miguuni, anaongea sana, ana habari za kila mtu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona alipokuwa ameketi pale ukutani.

Sasa ikawa zamu ya Prof. Alikuja kwenye kibanda changu alasiri moja, peke yake, na fimbo yake, akipapasa njia. Hilo lenyewe lilinishangaza. Akakaa, akaweka kompyuta mezani, akazunguka maneno kwanza, akaniuliza habari za printa. Kisha akasema:

"Iko sauti ya mwanamuke?"

Nikamwambia zipo. Nikamchagulia moja, akasikiliza. Nikaweka nyingine. Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama vile vile alivyokuwa akikiinamisha kwenye kivuli cha ukuta.

"Haiko na polepole zaidi?"

Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena, mpaka sauti ikaanza kuvuta maneno kama mlevi. Prof akatikisa kichwa.

"Rudisha ile ya zamani," akasema. "Si makosa ya hizi sauti. Ni mimi."

 Hakukuwa na mteja. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilijuaka kama amechoka. Nilikuwa nasikia anapiga miayo. Nilikuwa nasikia maharage inaungua, nanusa, na bado namwambia soma. Macho ilipoisha, dada, hofu yangu haikuwa vitabu. Niliona kama hakuna mutu ananisomea, nitakuwa tu mutu ameketi kwa ukuta, na kila mutu ako na kazi yake. Kitabu njo ilikuwa inamuleta karibu yangu."

"Umwambie yeye hivyo, Prof," nikasema.

"Nitamwambia aache biashara?"

"Hapana. Umwambie hivyo tu, vile umeniambia mimi."

Sikuwepo alipomwambia. Ninachojua nilikisikia kwa mkewe mwenyewe, siku ya pili yake, alipopita kwangu macho yamevimba kidogo na uso unacheka. Alisema walikaa jikoni, yeye anapika nsima, ugali wa huku, na Prof kwenye stuli karibu na mlango, na Prof alisema yote, mpaka habari ya miayo. Mke naye akasema yake yote. Kulikuwa na ukali kidogo. Kisha mke akamuuliza, kwa kutafuta tu la kusema, kile kitabu cha mwisho walichosoma pamoja kilikuwa kinahusu nini.

"Dada, nilisoma ile kitabu yote," akaniambia. "Kwa mdomo wangu. Na sikujua ni ya nani wala ya nini!"

Prof akamsimulia, kwa Kiswahili chetu. Kilikuwa kisa cha mjane mwenye duka la mikate kwenye mji wa baridi, ambaye ndugu za marehemu walitaka kumnyang'anya tanuri. Mke alisahau chungu. Alikuwa anakatiza kila mara: kumbe yule mwanamke ndiye aliyekuwa analia kwenye ule ukurasa mrefu? Kumbe lile neno gumu lililomtoa jasho lilikuwa tanuri? Alimkasirikia yule shemeji wa mjane kama vile ni mtu wa Dzaleka. Tangu siku hiyo, jioni anaporudi, yeye humletea Prof habari za Biwi, nani amegombana na nani, na Prof humsimulia alichosoma mchana. Siku ambazo hakusoma cha maana, Prof alikiri kwangu mwenyewe, anatunga.

Haya hayakumaliza kila kitu. Betri ya ile kompyuta ilichoka mapema, umeme wetu ni wa kuja na kuondoka, na kuna siku Prof alikaa na ule mzigo magotini umekufa, akiwa na hasira na kila mtu. Siku hizo alikuja kwangu na flashi yake, akaichomeka kwenye kompyuta yangu, nami nikawaambia wateja wangoje. Wengine walinung'unika. Wengine walisogea kumsikiliza.

Mmoja wa waliosogea alikuwa mwanamke wa Kinyarwanda aliyeletwa na jirani yake kupiga chapa picha ya kitambulisho. Zamani alikuwa anafuma masweta. Ugonjwa wa sukari ulimharibia macho. Alisikia sauti ya mashini na sauti ya Prof vikisemezana, akauliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, ni nani huyo anayeongea na nani. Prof akamweleza. Yule mama akangoja, kisha akauliza kama inaweza kusoma Kinyarwanda.

Nilitafuta, na sauti ya Kinyarwanda sikuipata. Nilikuwa karibu kumwambia haiwezekani, lakini Prof akasema tuweke ile ya Kiswahili, kwa sababu Kiswahili na Kinyarwanda hakuna hata kimoja kinachoficha herufi zake. Nikatafuta zaburi ya Kinyarwanda kwenye mtandao, nikaifungua. Sauti ikaanza kusoma, ngumu, ikikanyaga pasipokanyagwa, inapandisha pa kushusha.

Yule mama aliweka kiganja mdomoni. Nilidhani inamkera.

"Inasoma kama Mukongomani!" akasema, na sote tukacheka, hata mteja aliyekuwa ananung'unika. "Inaongea kama mugeni. Lakini nasikia. Nasikia yote."

Zaburi ilipoisha akaomba irudi mwanzo. Prof akanyanyuka kwenye kiti, akamwelekeza akae yeye, akasimama nyuma yake. Akamtafuta mkono, akakipata kidole chake cha shahada, na akakiongoza mpaka kwenye kitufe cha kuuliza niko wapi.